Acha kupuliza filta: jibu kwa dada wa Kamulu mwenye E350

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nina Mercedes E350 ya petroli, ya mwaka 2010, niliyoiagiza kutoka Japani mwaka 2017. Naishi Kamulu na kazi yangu iko Upper Hill, kwa hivyo kila siku nakula vumbi la kilomita tatu za marram kabla ya kuipata Kangundo Road, halafu jam mpaka mjini. Makanika wangu wa mtaani kila sevisi huzitoa filta, anazipuliza kwa kompresa na kuniambia bado zina maisha. Siku hizi nikiwasha AC gari linanuka kama nguo zilizolala kwenye beseni, asubuhi kioo kinashika ukungu, na petroli naona inaisha upesi. Nilienda gereji moja kubwa wakanitajia shilingi 24,000 kwa filta zote pamoja na kazi. Wananiibia? Na je, naweza kuzibadilisha mwenyewe nyumbani? Mimi si fundi, lakini bisibisi naijua."

Dada, njema. Umeniuliza mengi kwa pamoja, lakini acha nianze na lile ambalo hukuliuliza: hiyo kompresa. Mwambie makanika wako aache.

Najua hana nia mbaya. Akielekeza bomba la upepo kwenye filta, wingu la vumbi linatoka, mwenye gari anaona kwa macho yake kwamba kazi imefanyika, na hakuna aliyetoa pesa ya spea. Mimi mwenyewe nilipoingia gereji kama spanaboi, kupuliza filta ndiyo kazi ya kwanza niliyokabidhiwa, na niliifanya kwa bidii sana. Sasa nahesabu injini ngapi nilizidhulumu.

Filta ya hewa ya injini yako ni karatasi iliyokunjwa kunjwa. Ukiitazama kwa karibu utaona si karatasi kama ya daftari; ni nyuzi zilizosokotana ovyo, na vumbi hunaswa katikati ya nyuzi hizo, si juu tu. Upepo wa kompresa ya kujazia matairi ya lori ukipigwa hapo kwa karibu, unazisukuma nyuzi kando na kuacha vijitundu. Huvioni ukiishika filta kivulini. Itoe nje saa sita mchana, iinue dhidi ya jua, na utaona vinukta vya mwanga kama nyota. Kila kinukta ni mlango wa mchanga.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliamini nikiwaambia. Filta iliyoshika vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya kutoka kwenye boksi. Ukikamua tui la nazi unajua hili: machicha yaliyotangulia kutanda kwenye chujio ndiyo yanayozuia machicha madogo yanayofuata. Vumbi la kwanza ni sehemu ya chujio. Makanika wako kila akipuliza, anaondoa ulinzi huo na kurudisha filta yenye nyuzi zilizolegea. Kwa hivyo usiogope sana uchafu. Filta chafu inanyima injini pumzi, nawe utahisi gari limekuwa zito ukikanyaga. Filta inayovuja haikupi dalili yoyote. Gari linakwenda vizuri tu huku mchanga ukiingia ndani.

Na unaingia kwa wingi. Injini ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa kuchoma kilo moja ya mafuta. Lita moja ya petroli, hapa Nairobi ambako hewa ni nyepesi, inamaliza zaidi ya lita 10,000 za hewa. Tangi lako likijaa, piga hesabu mwenyewe. Vumbi la marram lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha ringi za pistoni. Zikichanganyika na oili zinakuwa msasa. Baada ya miaka michache unaanza kuongeza oili katikati ya sevisi, kisha unaona moshi wa buluu asubuhi, na hakuna anayekumbuka kompresa.

Ukitaka kujua kama yako inavuja, fanya jaribio moja kabla ya kununua chochote. Kasha la filta likishafunguliwa, chukua karatasi nyeupe ya tishu, izungushe kwenye kidole, ufute upande wa ndani wa kasha, ule ambao hewa inapita baada ya kuchujwa kuelekea injini. Tishu ikitoka safi, umebahatika. Ikitoka na alama nyekundu ya marram, filta imekuwa ikipitisha, na hapo hata kama ni ya juzi inatoka. Mimi hufanya hivi mbele ya mwenye gari, maana nikimweleza kwa maneno huniona natafuta pesa.

Sasa petroli. Hapa nitakuvunja moyo kidogo: sidhani ni filta. Zamani, kwenye magari ya kabureta, filta ikiziba kweli gari lilikunywa mafuta, maana kabureta haikujua kwamba hewa imepungua. Gari lako lina sensa inayopima hewa inayoingia, na kompyuta inapunguza petroli ifanane nayo. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ililipima jambo hili mwaka 2009 kwenye magari ya petroli ya kisasa: waliziba filta kwa makusudi, na matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichobadilika ni mwendo; gari lilichelewa kushika kasi kwa takriban asilimia 6 hadi 11. Kwa hivyo anayekuuzia filta kwa ahadi kwamba utaokoa petroli, mwulize utaokoa vipi.

Hilo la mwendo, hata hivyo, linatuhusu sisi wa Nairobi zaidi. Tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la pwani kwa karibu asilimia 18. Injini yako haina turbo ya kufidia. Ndiyo maana ukishuka Mombasa unahisi kama mtu amekubadilishia injini ukiwa umesimama Mtito Andei kunywa chai. Injini ambayo tayari inavuta pumzi kwa shida, ukiizibia pua kwa filta ya miaka minne, utaisikia ikilalamika unapopanda mlima.

Petroli yako itafute kwingine. Pima upepo wa matairi. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila ringi ya tairi bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki ya hapo inashika. Tazama geji ya joto: ikikawia mno kupanda, au ikishuka ukiwa kwenye barabara ya wazi, themostati, yaani vali ya maji ya kupoza injini, imebaki wazi, na injini inayodhani ni baridi humiminiwa mafuta ya ziada. Plagi sita zilibadilishwa lini? Kisha omba gari lisomwe kwa mashine. Na usisahau kwamba injini ya lita 3.5 iliyosimama dakika arobaini kwenye msongamano wa Outer Ring inakunywa bila kwenda popote, na hakuna spea ya kutibu hilo.

Kuhusu zile shilingi 24,000, siwezi kusema unaibiwa kabla sijajua wanakupa nini. Waombe wakuandikie: filta ngapi, za kampuni gani, ya ndani (ile inayochuja hewa unayovuta wewe, nitaifikia) ni ya mkaa au ya kawaida, na kazi ni kiasi gani. Kazi yenyewe, kwa mkono uliozoea, ni chini ya saa moja. Na kwenye neno "ngapi" tuliza macho, maana injini yako ya V6 ina filta mbili za hewa, moja kila upande. Si moja.

Nasema hivi kwa sababu miaka kadhaa iliyopita niliwahi kuletewa E350 ndugu ya yako kabisa. Mwenyewe alikuwa na risiti zote, mtu makini, kila sevisi "filta ya hewa, 1". Nilipofungua, upande wa kulia filta ilikuwa nyeupe, ya miezi mitatu hivi. Upande wa kushoto ilikuwa nyeusi kama sufuria ya githeri, na kwenye mikunjo yake kulikuwa na nyuki waliokauka na jani moja la manjano lenye umbo la upepeo. Jani hilo nililitambua: ni la mti uitwao ginkgo, ambao Wajapani wameupanda kandokando ya barabara zao. Lilikuwa limesafiri na gari kwenye meli na kukaa humo miaka yote, huku gereji ile, ambayo sitaitaja, ikibadilisha upande mmoja tu uliokuwa rahisi kufikia. Mwenye gari aliniomba lile jani. Sijui alilipeleka wapi.

Unaweza kufanya mwenyewe? Za injini, ndiyo, ukiwa na subira. Fanya asubuhi, injini ikiwa baridi. Kwenye gari lako kasha la filta ndilo hilo plastiki kubwa jeusi lililokaa juu ya injini, na kuna mabomba mawili ya plastiki yanayoleta hewa kutoka mbele karibu na grili. Yachomoe hayo kwanza. Kuna sensa ya kupima hewa. Ukihitaji kuchomoa soketi yake, bonyeza kishikio na uvute soketi, usivute waya. Kasha limekalia vitufe vya mpira, linatoka kwa kuvutwa juu kwa mikono miwili, kona baada ya kona. Usilivute kwa hasira. Gari lina zaidi ya miaka kumi na plastiki za Ujerumani zikizeeka huvunjika kama biskuti. Filta zimefunikwa na vifuniko vyenye skrubu za kichwa cha nyota, kwa hivyo bisibisi yako ya kawaida haitakusaidia. Nunua seti ndogo ya bisibisi za nyota, nayo utaihitaji pia kwa ile ya ndani.

Kabla hujaweka mpya, zibia kitambaa safi mdomo unaoelekea injini, kisha futa kasha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usipulize. Weka filta, na hapa ndipo kazi yote ilipo: pitisha kidole kuzunguka ukingo wake wa mpira, uhakikishe umelala kwenye mfereji wake kote, hakuna mahali umejikunja au kupanda. Filta ya bei ghali iliyokaa upande ni mbaya kuliko ya bei nafuu iliyokaa sawa. Kaza skrubu kwa mkono, kila moja kidogo kidogo kwa zamu, mpaka zishike tu. Rudisha kasha, bonyeza mpaka usikie likiingia kwenye vitufe vyake, rudisha mabomba na soketi. Na usisahau kile kitambaa ulichozibia. Unacheka, lakini nimewahi kukitoa kwenye gari la mtu.

Ukikuta kiota cha panya humo, usishangae. Mtu anayelaza gari karibu na ghala la mahindi au boma la kuku, panya huona kasha la filta kama nyumba ya kupanga: kavu, lina joto la injini usiku, na karatasi ya kujifunika ipo. Kagua nyaya za karibu kabla hujafunika boneti.

Tuje kwenye ile harufu na ukungu, ambako kusema kweli ndiko tatizo lako liko, na ndiko makanika wengi hawafiki kabisa. Kuna watu wamemiliki gari miaka sita bila kujua lina filta ya ndani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha. Kazi yake ni kuchuja hewa unayovuta wewe, si injini. Na mapafu hayana kipuri.

Kwenye E-Class ya aina yako ipo upande wa abiria, chini ya droo ya deshibodi. Sogeza kiti cha abiria nyuma mpaka mwisho, piga magoti nje ya mlango, uinamishe kichwa na tochi. Utaona paneli laini inayofunika sehemu ya juu ya miguu ya abiria. Inashikwa na skrubu. Zifungue, ishushe paneli, na kama kuna taa au waya umeunganishwa hapo, uchomoe polepole. Nyuma yake kuna kifuniko cha plastiki chenye vishikio vya kusukuma. Kikitoka, filta inashuka yenyewe, kwa hivyo tandika gazeti kwenye zulia kwanza. Piga picha kwa simu kabla hujaitoa, uone mshale ulioandikwa ubavuni unaelekea wapi. Mpya lazima ielekee huko huko.

Ukiishusha hiyo ya kwako, natabiri utakutana na nini. Mikunjo yake itakuwa imejaa vumbi jekundu, na katikati maua ya jacaranda yaliyonyauka yakawa kahawia, hasa kama unaegesha chini ya miti Upper Hill. Miezi ya Septemba hadi Novemba Nairobi inapendeza kwa zambarau ile, lakini gari linaisoma tofauti. Maua huangukia kijibonde kilicho chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapokaa, ambako ndiko hewa ya ndani huingilia. Mvua ya vuli ikinyesha yanalowa, yanaoza, yanaziba matundu ya kutolea maji, na hewa yako inapita juu ya mboji hiyo kabla haijafika puani. Safisha kijibonde hicho kwa mkono. Dakika tano, bila gharama.

Ila filta peke yake huenda isimalize harufu. Ndani zaidi ya filta kuna evaporeta, yaani ile koili baridi ya kiyoyozi. Hewa yenye unyevu ikiigusa inatoa umande, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Umande huo unatakiwa kudondoka nje chini ya gari. Filta ikiwa imeziba, au ikiwa imepasuka kwa kupulizwa, vumbi linafika kwenye koili, linashikana na umande, na kuvu wanaota. Hiyo ndiyo nguo yako ya beseni. Jaribu hivi: siku ya joto washa AC dakika kumi na tano ukiwa umeegesha mahali pakavu, halafu chungulia chini. Ukiona maji yanadondoka, vizuri. Usipoona tone, na zulia la abiria ukiligusa lina unyevu, bomba la kutolea maji limeziba. Hilo mpe fundi. Kama maji yanatoka na harufu ipo, kuna povu maalumu la kusafisha evaporeta. Hupulizwa kupitia pale filta ilipotoka au kwenye bomba la maji, linaachwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha feni inawashwa milango ikiwa wazi. Usiloweshe mota ya feni iliyo hapo karibu. Filta mpya iwekwe baada ya povu, si kabla. Nimeona watu wakilipia filta ya mkaa na kuilowesha siku hiyo hiyo.

Kuna tabia ndogo itakayokusaidia: ukikaribia nyumbani, pale Kamulu unapokata kona, zima kitufe cha AC lakini uiache feni ikipuliza. Kufika langoni koili itakuwa imekauka kiasi, na kuvu hawapendi ukavu.

Ukungu wa kioo ni mtoto wa tatizo hilo hilo. Feni inajitahidi lakini hewa haipiti, kwa hivyo kioo hakikauki. Juu yake, nashuku kwa sababu ya vumbi la marram umezoea kuacha kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kikiwa kimewashwa safari nzima. Pumzi zenu zote zinabaki humo, na asubuhi za Juni na Julai zinaganda kwenye kioo. Kitumie kwenye marram, au ukiwa nyuma ya lori linalotoa moshi mweusi, kisha ukifika lami kizime. Kioo kikishika ukungu, washa AC hata kama ni baridi na uongeze joto. Kiyoyozi ndicho kinachokausha hewa.

Kuhusu aina, kuna ya kawaida inayochuja vumbi tu, na kuna yenye mkaa ulioamilishwa, ambayo ina tabaka la kijivu au jeusi linalonasa harufu na baadhi ya gesi za moshi. Kwa njia yako mimi ningelipa zaidi nichukue ya mkaa, bila kufikiri mara mbili. Unapita Ruai kila siku. Upepo ukivuma kutoka kwenye mabwawa ya majitaka, hicho ndicho kipimo chako: madirisha yamefungwa, filta mpya ya mkaa, harufu itapungua sana. Siku utakapoanza kuisikia tena kama umefungua dirisha, mkaa umeshiba, hata kama karatasi bado inaonekana safi. Hauwezi kuoshwa wala kuanikwa juani.

Lakini mkaa huo haunasi gesi ya kaboni monoksaidi, ile ya jiko la makaa inayoua watu wakiwa usingizini. Usimwache mtoto akilala ndani ya gari linalonguruma kwenye gereji iliyofungwa kwa kuamini filta. Hilo sitalitania.

Sokoni, nenda na namba ya chesisi, herufi na tarakimu 17, iliyo kwenye logibuku. Usiende na jina "E350" tu, maana kwa miaka hiyo kuna injini tofauti zilizobeba jina hilo. Kirinyaga Road, ambayo wazee bado tunaiita Grogan, ina wauzaji waaminifu na ina wachawi, mara nyingine kwenye jengo moja. Boksi lenye nyota ya Mercedes halithibitishi kitu. Boksi ndicho kitu rahisi zaidi kuigiza. Kampuni kama Mann, Mahle, Hengst na Bosch zinauza filta kwa majina yao kwa bei ya chini kuliko boksi la nyota, na mimi hizo ndizo naweka kwenye gari la mke wangu. Ukichukua Mann, soma herufi: ya ndani ya kawaida huanza na CU, ya mkaa huanza na CUK. Mahle ni LA na LAK. Muuzaji akikuuzia CU kwa bei ya CUK, umeshamjua.

Kisha ishike mkononi. Mikunjo iwe na nafasi sawa, isilegee ukiibonyeza kidogo. Ukingo uwe laini na unaorudi ukiachia, usiwe mgumu kama soli ya kandambili. Inuse: ya bandia mara nyingi inanuka gundi. Ukiweza, beba ile ya zamani kwenye mfuko wa plastiki uilinganishe na mpya, upana, urefu na idadi ya mikunjo. Mikunjo michache maana yake karatasi kidogo, na hapo ndipo faida ya mwigizaji ilipo. Zile za pamba zinazooshwa na kupakwa oili, za vijana wa mbio, usizichukue. Oili ikizidi inaruka mpaka kwenye sensa ya hewa, na sensa hiyo utaililia.

Umeniandikia kila sevisi wanazitoa. Inatosha kuziangalia za injini kila mwaka, na kwa njia ya Kamulu ningezibadilisha kati ya kilomita 15,000 na 20,000, zote mbili siku moja. Kitabu cha gari kitakutajia umbali mrefu zaidi, lakini kilimwandikia mtu wa lami. Ya ndani, kilomita 10,000 au mwaka, kipi kinatangulia, na ungepanga iwe katikati ya Machi: vumbi la Januari na Februari limeshaijaza, na hutaki mvua za masika ziikute hivyo zikaipikia uji. Ukiwahi kupita maji yaliyofika kwenye grili, kama wengi walivyofanya kwenye mafuriko ya 2024, usiwashe injini tena kabla hujafungua kasha. Filta ikiwa imelowa, piga simu lije gari la kukuvuta.

La mwisho, nunua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi. Kabla hujaziingiza filta mpya, andika ukingoni tarehe na kilomita za siku hiyo, kwa mwandiko wako. Filta zote tatu. Siku gari litakapokuwa gerejini na fundi akakuambia amebadilisha, mwambie afungue, uinamishe kichwa na tochi, usome.